Jalada la Vidole Vinne

Haya niliyasikia kwa Mama Tabu wa mashine ya kusaga, mwaka ule viwavi walipomaliza mtama, siku ya pili ya kupukuchua mahindi. Tulikaa wawili barazani kwake, gunia katikati. Yeye aliyasikia kwa mdogo wake, aliyeolewa hukohuko yalikotokea. Ni nchi ya mbali. Jina lake sikupata, kwa sababu Mama Tabu alisema ukitaka jina la nchi ile sharti uandike barua ya kuliomba, nakala saba, na mahindi yalikuwa yanatungoja.

Nchi yenyewe ni nzuri sana. Ina bendera, ina wimbo, na ina wizara ya kila kitu. Kila wizara inaionea wivu ile iliyo jirani nayo, ndiyo maana wanafanya kazi kwa bidii. Mhuri wa Kilimo haukubali kugongwa kwenye karatasi yenye mhuri wa Maji. Ukigongwa, utagongwa juu yake kabisa, mpaka wa Maji usionekane. Raia wa kule wamezoea, huenda na karatasi za akiba.

Katika nchi hiyo kuna wilaya iitwayo Nyuma. Mama Tabu alisema wakubwa walipogawa majina, wilaya ile ilichelewa kufika. Na ndani ya Wilaya ya Nyuma kuna kijiji cha Nyukini, na ndani ya Nyukini kulikuwa na fundi cherehani jina lake Nyamizi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nyamizi hakuwa mtu wa wivu. Mama Tabu alilirudia hilo mara tatu, nami nalirudia, lisije likapotea. Alikuwa tu na macho mazuri na uzio mfupi.

Ng'ambo ya uzio alikaa Sundi, mjane mkaanga karanga, mwanamke mwenye kicheko kinachofika kisimani. Na kila Ijumaa alasiri alipita Maganga, mrina asali, mwanamume wa makamo ambaye hajaoa. Alishuka kutoka porini na kibuyu begani, akipiga mluzi. Mluzi ulianzia kisimani, ukapita kwa muuza chumvi, ukapita kwa Diwani, na ukifika kwenye uzio wa Nyamizi unakatika. Kimya. Hatua thelathini za kimya. Nyamizi alizihesabu akiwa kwenye cherehani, mguu umesimama juu ya pedali. Halafu Maganga akigusa uzio wa Sundi tu, mluzi unarudi, tena na madaha.

Angepita kimya njia nzima, Nyamizi asingesema neno. Angepiga mluzi njia nzima, vilevile. Lakini anyamaze kwake yeye tu! Kama mtu anayepita penye mzoga na kubana pua.

Basi Ijumaa moja Sundi akaja na kitambaa cheupe mikononi, kimekunjwa vizuri, mtu akikiona angedhani amebeba mtoto mchanga.

"Dada Nyamizi, nimeposwa."

"Na nani?" Nyamizi akauliza, na sindano ikamchoma kidole kabla hajajibiwa.

"Na Maganga. Harusi ni Jumamosi baada ya wiki tano. Nataka gauni unishonee wewe, si mwingine. Mkono wako naujua."

"Hongera, mwenzangu. Nimefurahi mpaka nasikia kizunguzungu. Njoo kesho upimwe."

Kesho yake Sundi akaja. Nyamizi akasema uzi mweupe umekwisha, njoo Jumapili. Jumapili akasema cherehani inataka mafuta, njoo Jumanne. Gauni likaanza kuahirishwa kama kesi, nalo bado lilikuwa kitambaa.

*

Aliyemtia Nyamizi maneno sikioni alikuwa Diwani mwenyewe. Alikuja kupunguziwa suruali.

"Huyo Maganga mnayemwona hivi," Diwani akasema kwa uchungu, "ana jalada mahakamani. Kosa kubwa la jinai! Vidole vinne na nusu! Na mimi nina kipindi cha tatu udiwani, jalada langu halijapita vidole viwili. Haki iko wapi?"

Hapa lazima nieleze, maana hata mimi Mama Tabu alinieleza mara mbili. Katika nchi ile, zamani, mahakimu walikuwa wakigombana lipi ni kosa kubwa na lipi ni dogo. Kila mmoja alimwonea wivu mwenzake mwenye makosa makubwa. Ndipo Wizara ikatoa waraka. Kuanzia siku hiyo kosa litapimwa kwa vidole. Jalada la unene wa vidole vinne na kuendelea ni kosa kubwa, linakaa rafu ya chini. Pungufu ya hapo ni kosa dogo, linakaa rafu ya juu. Waraka ulimaliza ugomvi siku hiyohiyo. Mtu aliyechoma ghala la kijiji akakiri palepale, karatasi moja, akawekwa juu na waliokojoa barabarani. Na bibi mmoja aliyebishania kuku wake kwa miaka minane akawekwa chini na majambazi. Wakubwa wa serikali wote wana majalada manene, maana wana wanasheria wa kuandika barua. Ikawa heshima. Mtu akipita unaambiwa, yule ana vidole sita, msalimie.

Lakini Nyamizi hakuyawazia hayo. Aliwaza neno moja tu, jinai. Harusi ilibakiza wiki tano kasoro siku chache. Akilipata jalada, akamsomea Sundi aliyoyafanya Maganga, harusi haipo. Na haitakuwa wivu. Itakuwa ujirani mwema.

Asubuhi yake akapanda lori la pamba kwenda makao ya wilaya. Sundi alimkimbilia barabarani na viazi vitamu vya kuchemsha, vimefungwa kwenye kitambaa.

"Unakwenda wapi, dada, na jua hili?"

"Nafuata uzi mweupe."

"Jamani! Kwa ajili ya gauni langu!" Sundi akamkumbatia. Viazi vilikuwa vya moto bado, vikamchoma Nyamizi kifuani njia nzima.

*

Mlango wa masjala ya mahakama ulikuwa na kibao: KUMBUKUMBU ZA MAHAKAMA ZIKO WAZI KWA WANANCHI WOTE. USIINGIE.

Nyamizi akaingia. Ndani alikuwapo karani, Bwana Masunga, mtu mwembamba, mpole, mwenye alama ya uzi wa kufungia majalada shavuni, kutoka sikioni hadi kidevuni. Aliipata wapi, Mama Tabu hakuniambia mapema, nami siwaambii.

"Shikamoo."

"Marahaba. Tumefunga."

"Mbona mlango uko wazi?"

"Mlango uko wazi kwa mujibu wa sheria. Tuliofunga ni sisi."

"Baba yangu, nimetoka Nyukini kwa lori. Nataka kuliona jalada la Maganga Shija, mrina asali. Kosa kubwa."

Bwana Masunga alishtuka kidogo. Mkono wake ukaenda kwenye jalada moja lililokuwa mezani, mbele yake, limebonyea katikati. Akalivuta karibu na tumbo.

"Namba ya kesi?"

"Sina."

"Namba iko kwenye daftari la kesi."

"Basi nionyeshe daftari."

"Daftari nalo ni kumbukumbu. Liombe kwa maandishi, utaje namba yake."

"Na namba yake iko wapi?"

"Imeandikwa ndani, ukurasa wa kwanza," akajibu Bwana Masunga, kwa huruma kabisa. "Hati nzuri tu, wala hutapata shida kuisoma. Na huyo mtu unamtakia nini?"

"Mimi? Simtakii kitu. Jirani yangu anaolewa naye. Namwonea jirani huruma."

Karani akachukua kalamu, akaandika: Sababu ya ombi, huruma. "Huruma ni nakala saba," akasema. "Ingekuwa wivu, ni kumi na nne."

"Nani kasema wivu?"

"Sijasema mimi. Fomu ndiyo inauliza."

Nyamizi akashika kiuno. "Bwana Masunga, jalada si hilo hapo ulilolikumbatia? Naliona jina. M-A-G-A..."

Bwana Masunga akalifunika jina kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mkewe shuka mgeni anapochungulia.

"Mama, majalada haya nimekaa nayo miaka kumi na tisa. Sijamwachia mtu yeyote ayapekue. Wewe ungemwachia mtu baki ampekue mumeo?"

"Sina mume."

"Ndiyo maana unaomba."

Nyamizi akaondoka bila kuaga, akapanda ngazi kwenda kwa mkubwa wake.

*

Mkubwa alikuwa Mheshimiwa Kapinga, Msajili wa Kumbukumbu za Jinai na Mambo Yanayofanana na Hayo. Hakuwa amewahi kushuka masjala. Masjala ilikuwa na dirisha na ofisi yake haikuwa nalo, na alikuwa ameapa hatalisamehe dirisha lile. Alisimama Nyamizi alipoingia, akafunga kifungo cha koti, akamhutubia peke yake kana kwamba ni uwanja umejaa.

"Mwananchi! Serikali yetu sikivu imefungua kumbukumbu zake kama mama anavyofungua mikono! Hakuna siri! Hakuna pazia! Mwananchi yeyote, wa mjini au wa porini, mwenye viatu au asiye navyo, anaweza kuliona jalada lolote, mradi yeye mwenyewe si mhalifu. Je, wewe ni mhalifu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi fundi cherehani."

"Nafurahi kusikia. Lete barua ya kuthibitisha kwamba huna jalada."

"Inatoka wapi?"

"Kwa Bwana Masunga. Atalitazama jalada lako, akilikuta tupu, anakuandikia."

"Lakini mimi sina jalada, Mheshimiwa. Ndilo ninalosema."

Mheshimiwa Kapinga akatabasamu tabasamu la mtu aliyesoma. "Mama, jalada ambalo halipo halitazamiki. Utafunguliwa moja, litazamwe, lionekane kwamba ni tupu."

Nyamizi akashuka. Bwana Masunga akatoa jalada jipya, jekundu, akaandika juu NYAMIZI BINTI JILALA, akaweka ndani barua ya kuomba litazamwe kama ni tupu. Akalitazama.

"Si tupu," akasema. "Lina barua."

Akaandika barua kwenda juu, kueleza kwamba si tupu. Juu wakajibu kuuliza kwa nini si tupu. Kila barua ilikuwa nakala saba, na nakala zote saba zikaingia humohumo, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kupewa.

*

Ndivyo zilivyopita wiki nne. Jumatatu na Alhamisi Nyamizi hupanda lori la pamba, na Jumatatu na Alhamisi Sundi humfungia viazi. Nyuso zote mbili zikawa na vumbi la barabara, wa mmoja kwa kwenda na wa mwingine kwa kusindikiza. Gauni lilikuwa limepata mkono mmoja.

"Dada, unajichosha," Sundi alisema. "Uzi gani huo usiopatikana? Nitaolewa na kitenge."

"Hapana, mwenzangu. Utaolewa inavyostahili."

Na kila Ijumaa mluzi ulikuja, ukakatika, ukaendelea. Ijumaa moja Nyamizi alitoka kabisa akasimama nje, mikono kifuani. Maganga alimwona. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akapita hatua zake thelathini kimya kama anayepita msibani. Alipofika kwa Sundi, fyuuu!

Nyamizi akaingia ndani akapasua mkono wa gauni, akaanza upya.

Huko masjala naye alikuwa amekuwa mwenyeji. Alijua kwamba Bwana Masunga hula muhogo saa nne, na kwamba baada ya muhogo mlango hufungwa ndani, na ukigonga hujibiwi mpaka saa nane. Akifungua, alama ya shavuni huwa mpya, nyekundu.

"Mna kazi nyingi humo ndani," Nyamizi alimwambia.

"Kazi ya siri," akajibu Bwana Masunga, akipiga mwayo.

*

Alhamisi ya mwisho, siku mbili kabla ya harusi, Bwana Masunga aliingiza barua ya siku ile kwenye jalada la Nyamizi, akafunga uzi. Akaweka kidole kimoja kando ya jalada. Akaweka cha pili. Cha tatu. Cha nne kikaingia, sawasawa.

"Mama," akasema, na sauti yake ikawa ya heshima, "hongera. Kuanzia sasa wewe ni mhalifu mkubwa."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Hilo halipimwi. Tunapima unene." Alilibonyeza jalada kwa kiganja, likarudi juu lenyewe, laini. Akalinusa. Kisha, jamani, akalilaza shavu juu yake, kidogo tu, kama mtu anayejaribu kitu dukani. Akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine. Akalisukuma mbele lile jalada la Maganga, lililobonyea katikati umbo la sikio. "Soma. Mimi hili sina haja nalo tena. Limekuwa gumu. Na halina tena vidole vinne, vimebaki vitatu."

"Limepunguzwa na nini?"

Bwana Masunga akajigusa shavu. "Na muda."

"Kwa hiyo Maganga si mhalifu?"

"Alikuwa. Amebonyea. Leo anapanda rafu ya juu."

Nyamizi hakusikia vizuri. Alikuwa ameshafungua uzi. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, maana hati ilikuwa ya karani wa zamani mwenye mikia mirefu.

Mlalamikaji: Jilala, mkulima, wa Nyukini.

Akarudia. Jilala, mkulima. Baba yake, aliyezikwa miaka sita iliyopita.

Shitaka: Kupiga mluzi kandokando ya makazi ya mlalamikaji, kwa kurudiarudia, kwa nia ya kuoa. Kielelezo A: kibuyu kimoja cha asali, kilichoachwa mlangoni. Maelezo ya mshtakiwa: Ni kweli nilipiga mluzi. Nilikuwa nampigia Nyamizi, binti wa mlalamikaji, achungulie dirishani. Siku ya kwanza hakuchungulia. Nimepiga siku arobaini. Sina la kuongeza, ila kama yupo hapa mahakamani, naomba aambiwe.

Na chini yake, hati ya hakimu: Hayupo.

Hakuwapo. Mwaka ule baba yake alimpeleka kwa shangazi, mwendo wa siku mbili, akajifunze cherehani. Alimwambia ni kwa ajili ya ufundi.

Kilichofuata kilikuwa ni maahirisho. Hakimu hayupo. Hakimu yupo, kiti hakipo. Kielelezo A kimepungua. Kielelezo A kimekwisha, mshtakiwa alete kingine. Ameleta. Mara sitini na moja kesi ile iliahirishwa, mpaka ikawa kosa kubwa. Na karibu na mwanzo kulikuwa na amri moja, imepigwa mstari: Mshtakiwa asipige mluzi mbele ya nyumba ya Jilala wala uzio wake hadi kesi hii itakapokwisha.

Karatasi ya mwisho ilisema kesi itatajwa tarehe itakayopangwa.

Nyamizi alibaki na kidole juu ya jina lake. Wiki tano nzima alikuwa ameubeba wivu wa kumwonea Sundi kama viazi vya moto. Sasa ukamtoka Sundi, ukamhamia mwingine. Alimwonea wivu yule msichana wa kwenye jalada, wa miaka kumi na tisa, aliyepigiwa mluzi siku arobaini, akaachiwa asali mlangoni, na wala hayupo! Hakuchungulia hata mara moja! Angempata angemnyofoa nywele.

"Naomba nakala," akasema.

"Nakala hawapewi waliotajwa ndani," alisema Bwana Masunga kwa upole. "Na muda wa muhogo umefika."

*

Ijumaa asubuhi orodha ya wahalifu wakubwa ilibandikwa ofisi ya kata. Maganga hakuwamo. Nyamizi alikuwamo, jina la kwanza, wino mbichi. Diwani alikuja mbio mpaka mlangoni kwake, suruali bado imeshikwa na pini.

"Wiki nne!" akalia. "Wiki nne, vidole vinne! Una mtu wizarani wewe? Niambie tu, nitanyamaza!"

"Sina mtu."

"Wachoyo nyie!" Diwani akasema, akaondoka akifuta jasho.

Nyamizi akafunga mlango, akakaa kwenye cherehani, na gauni ambalo halikushoneka wiki tano likashoneka kabla jua halijafika utosini. Mikono yote miwili, kiuno, pindo, na shela. Alipomaliza akamwita Sundi ng'ambo ya uzio.

Sundi alisimama juu ya kigoda, Nyamizi amepiga magoti na pini mdomoni, akipanga pindo. Ni vizuri mtu kuwa na pini mdomoni siku kama ile, hapati nafasi ya kusema.

Aliyesema ni Sundi. "Umelisoma?"

Pini zikaanguka.

"Usinitazame hivyo, dada. Uzi gani unafuatwa mahakamani? Dereva wa lori ni binamu yangu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na viazi ukanipa?"

"Ningefanyaje? Nilisema ukishiba utarudi mapema." Sundi akacheka, lakini kile kicheko hakikufika hata mlangoni. "Mwenyewe aliniambia siku aliyonichumbia. Mluzi, mzee Jilala, asali, yote. Nikamuuliza, na sasa? Akasema, sasa nakutaka wewe. Nikamuuliza, mbona kwa Nyamizi unanyamaza? Akasema, kesi haijaisha."

"Ni amri ya mahakama tu, Sundi."

"Amri ya mahakama!" Sundi akageuka juu ya kigoda, pindo likapinda. "Nani katika nchi hii anafuata amri ya mahakama miaka yote hiyo? Mimi mluzi ananipigia, sawa. Mluzi anawapigia hata mbuzi wa Diwani. Lakini wewe amekunyamazia miaka kumi na tisa! Kila Ijumaa nakaa kwenye karanga zangu nasikia anavyokunyamazia, karanga zinaungua, roho inaniuma mpaka nashindwa kugeuza mwiko. Wewe ndiye mwenye uzio mfupi, dada. Mimi nina masikio."

Nyamizi alikaa chini kabisa, sakafuni, katikati ya pini.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unanionea wivu."

"Nani kasema wivu?" Sundi akasema. Wakatazamana. Halafu kicheko kikaja, hiki kikafika kisimani na kurudi.

Kilipokwisha, Sundi akajifuta macho kwa ncha ya shela. "Zawadi ya harusi sikuombi sufuria. Nakuomba kitu kimoja. Ifute ile kesi. Mzee amekufa, mrithi ni wewe. Naomba aache kukunyamazia."

"Kuifuta ni barua, nakala saba..."

"Basi ifute kwa mdomo."

*

Jumamosi Nyamizi alitengewa kiti cha mbele, cha wakubwa, kwa sababu ya vidole vyake vinne. Hakwenda kukikalia. Diwani alikaa jirani na kiti kitupu, akikitazama mpaka wali ukapoa.

Nyamizi alibaki nyumbani, dirishani. Alilifungua lile dirisha la mbele, lililokuwa limefungwa na masanduku ya vitambaa tangu enzi za baba yake. Mchana maharusi walishuka njia kutoka kisimani, ngoma mbele. Gauni lilikaa mwilini kwa Sundi vizuri hata Nyamizi akaanza kumchukia upya kidogo. Maganga alikuwa akipiga mluzi. Ulipita kwa muuza chumvi, ukapita kwa Diwani, ukafika kwenye uzio, ukakatika.

Watu wote waliusikia ukimya ule, maana hata ngoma ilisimama. Sundi alikuwa ameuma mdomo.

"Maganga Shija!" Nyamizi akaita, kichwa chote nje. "Mimi ni mrithi wa mlalamikaji. Kesi imekwisha. Pita upendavyo."

Maganga alisimama na kofia mkononi. Alimtazama pale dirishani, kichwa nje, kilichochelewa miaka kumi na tisa. Kisha akamtazama mkewe. Sundi akamwashiria kwa kidevu, haya, piga.

Akapiga. Hatua thelathini nzima, bila kukata, mluzi wa kawaida tu, uleule wa mbuzi wa Diwani. Nyamizi aliusikiliza mpaka ukavuka uzio. Halafu akafunga dirisha.

Hakulia, mimi nilimuuliza Mama Tabu. Alijilaza kitandani mwanga wa jua ukiwa bado sakafuni, akalala usingizi mzito mpaka kesho yake. Sundi naye alilala, na mumewe. Diwani alilala akinung'unika. Mheshimiwa Kapinga alilala akiota dirisha.

Wa mwisho kulala alikuwa Bwana Masunga, na yeye alilala Jumatatu, saa nne na robo asubuhi. Aliandika kwanza barua ya kumjulisha Nyamizi kwamba, kwa kuwa sasa ni mhalifu mkubwa, ombi lake la kuliona jalada la Maganga limekataliwa. Akatia ndani nakala zote saba, vikawa vidole vinne na kidogo. Akamaliza muhogo wake, akafunga mlango ulio wazi, akaliweka jalada jekundu mezani mbele yake na kulipiga ngumi mbili laini katikati. Lilikuwa bado jipya, halijajua sikio lake. Litazoea, akasema. Akaliegemeza shavu, akaushika uzi kwa vidole viwili asije mtu akalichukua, akalala.